Mita za mraba 200 za mafuta: hebu tugawanye kwanza

Chukua kalamu, msomaji. Mita za ujazo 12 za mafuta ghafi zimemwagika baharini na kufunika eneo la mita za mraba 200. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Unapata mita 0.06, yaani sentimita 6.

Sentimita 6 ni zaidi ya kimo cha kiberiti kilichosimamishwa wima. Tunaambiwa mafuta mepesi yamemwagika kwenye bahari ya wazi, halafu yakatulia pale na kina cha sentimita 6, kama uji kwenye sinia, juu ya eneo linalozidi kidogo tu uwanja wa mpira wa wavu. Sinia lina kingo. Bahari haina.

Namba hizo sikuzitunga. Zilitolewa na mwendeshaji wa kituo cha kupakia mafuta karibu na Novorossiysk, kwenye pwani ya Urusi ya Bahari Nyeusi, baada ya mafuta kumwagika tarehe 7 Agosti 2021 wakati meli ya Kigiriki Minerva Symphony ikipakia. Mwendeshaji ni muungano wa bomba la Kaspi, CPC, unaosafirisha mafuta ya Kazakhstan kwa bomba la kilomita zaidi ya 1,500. Siku chache baadaye wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa anga za juu ya Akademia ya Sayansi ya Urusi wakatoa picha za rada za setilaiti. Utando wa mafuta ulikuwa umefunika karibu kilomita za mraba 80.

Hapo vyombo vya habari navyo vikachukua kalamu. Kilomita za mraba 80 ni mita za mraba milioni 80. Gawanya kwa 200: mara 400,000! Namba hiyo ikasambaa kuliko mafuta yenyewe. Wengi walioisoma walielewa kwamba mafuta yaliyomwagika yalikuwa mara 400,000 ya yale yaliyotangazwa.

Nataka kuzikosoa hesabu zote mbili. Ya kwanza inajikana yenyewe kabla hujatafuta setilaiti yoyote. Ya pili ni sahihi kama mgawanyo wa maeneo, lakini haisemi kile ambacho watu walidhani inasema. Na wakati watu wakibishana kuhusu ukubwa wa doa, maswali yaliyopaswa kuulizwa kuhusu boya, mipira na valvu yalipita kimya.

Tuanze na kituo chenyewe, maana wengi wetu tukisikia "kupakia mafuta" tunafikiria meli imeegeshwa gatini kama ilivyo kwa makontena. Meli kubwa ya mafuta ghafi ikishajaa huzama sana, na bandari nyingi hazina kina cha kuitosha. Basi badala ya kuileta meli nchi kavu, bomba hupelekwa baharini. Linalala chini ya maji kwa kilomita kadhaa (pale Novorossiysk ni kama 5) hadi kwenye kichwa cha chuma kilichowekwa sakafuni mwa bahari. Juu yake linaelea boya kubwa lililofungwa kwa minyororo mizito inayokwenda pande zote hadi kwenye nanga. Mipira minene hupanda kutoka kwenye kichwa kile hadi tumboni mwa boya, na mipira mingine huelea juu ya maji kutoka kwenye boya hadi ubavuni mwa meli. Meli hufungwa kwenye boya kwa pua tu, kwa amari, zile kamba nene kuliko paja la mtu. Ndiyo maana wenyewe wanaita mfumo huu SPM: meli imefungwa kwenye nukta moja.

Ujanja wote uko hapo. Upepo ukigeuka, meli nayo inageuka, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti anavyouzunguka. Haipambani na bahari kwa ubavu. Lakini ili meli izunguke bila kuisokota mipira, lazima katikati ya boya kuwe na kiungio kinachozunguka huku mafuta yakipita ndani yake kwa shinikizo. Hebu fikiria bomba la maji la nyumbani kwako ambalo kiungo chake kimoja kinazunguka usiku na mchana, kwenye maji ya chumvi, kwa miaka, na hakitakiwi kuvuja hata tone. Kuna kazi kubwa hapo ya mihuri ya mpira, grisi na fundi mwenye tochi.

Mipira nayo si mipira ya bustani. Kila kipande kina urefu wa mita kama 10 au 12, na vipande vingi huunganishwa kwa boliti kufikia mita mia kadhaa. Kila wimbi linalopita linaukunja na kuukunjua. Chaza na mwani huota juu yake na kuuongezea uzito. Meli ikiyumba vibaya, mpira husuguliwa ubavuni mwa chuma. Kwa sababu hiyo vituo makini hutumia mipira yenye kuta mbili: ukuta wa ndani ukipasuka, ule wa nje huyashika mafuta, na kifaa kidogo hutoa ishara kwamba kipande hiki kimekufa, kibadilisheni. Wapo pia wazamiaji wanaoshuka kupima jinsi minyororo ilivyolika na kuangalia pembe yake. Mnyororo mmoja ukilegea, boya huhama kidogo, na mipira ya chini iliyopangiwa mkao fulani huanza kuvutwa. Mipira hutolewa kwa zamu na kupimwa kwa shinikizo ufukweni. Kazi hii haina picha nzuri ya kuweka gazetini, na kwa kweli sijawahi kuona waziri akikata utepe kwa ajili ya mpira mpya.

Sasa turudi kwenye ile sinia ya uji.

Mwaka 1774 Benjamin Franklin, huyu huyu wa umeme na tiara, alichapisha maelezo ya jaribio alilolifanya kwenye bwawa la Clapham, London. Alimimina kijiko kimoja cha chai cha mafuta juu ya maji yaliyokuwa yanachezwachezwa na upepo. Mafuta yalitambaa, na viwimbi vikalala kwenye eneo alilolikadiria kuwa nusu eka, yaani kama mita za mraba 2,000. Soma tena: kijiko cha chai kilifunika mara kumi ya eneo ambalo tuliambiwa limefunikwa na mita za ujazo 12, ambazo ni lita 12,000.

Mafuta ya Franklin si mafuta ghafi, na sisemi kwamba mafuta ghafi yatatambaa hadi kuwa utando mwembamba kiasi kile. Lakini mafuta ya CPC ni mepesi, yanatiririka vizuri, na uzito wake mwenyewe unayasukuma kutambaa tangu sekunde ya kwanza. Baada ya hapo mkondo na upepo huyaburuta na kuyachana kuwa michirizi. Yanaweza kubaki na unene wa sentimita kadhaa pale tu yalipozungushiwa vizuizi vinavyoelea. Kama mita za mraba 200 zilikuwa sehemu iliyozungushiwa hivyo, taarifa ilipaswa kusema hivyo. Kwa jinsi ilivyotangazwa, kwamba hilo ndilo eneo lililochafuliwa, namba hizo mbili haziwezi kukaa sentensi moja.

Hata mwanafunzi wa kidato cha pili angeliona. Basi kwa nini zilipita? Nadhani ni kwa sababu tumezoea kusoma namba za ajali kama tunavyosoma namba za simu. Tunazinakili zilivyo, hatuziulizi kama zinafahamiana.

Upande wa pili sasa. Chukua zile mita za ujazo 12 zile zile, uzitandaze juu ya kilomita za mraba 80. Unene unaopata ni mikromita 0.15. Unywele wa mtu ni mzito kuliko hapo kwa mara mia kadhaa. Utasema, haiwezekani. Kumbe inawezekana kabisa! Nchi zinazoizunguka Bahari ya Kaskazini, kwa makubaliano yao ya Bonn, zina jedwali la kukadiria unene wa mafuta kwa kuangalia rangi kutoka kwenye ndege. Utando wa rangi ya fedha-kijivu una mikromita 0.04 hadi 0.3. Ule wenye rangi za upinde wa mvua, unaouona kwenye dimbwi la maji gereji, ni 0.3 hadi 5. Wenye mng'ao wa chuma ni 5 hadi 50. Rangi halisi ya mafuta huanza kuonekana baada ya hapo.

Maana yake ni nini? Eneo la kilomita za mraba 80 lingeweza kubeba mita za ujazo 12 kama lote lingekuwa la rangi ya fedha. Lingeweza kubeba 400 kama wastani wa unene ungekuwa mikromita 5, na 4,000 kama ungekuwa 50. Doa ni lile lile. Picha ni ile ile.

Na rada haikuambii ni lipi kati ya hayo. Setilaiti ya rada haioni mafuta, inaona viwimbi vidogo vya upepo vinavyorudisha mawimbi ya redio. Utando wa mafuta huvilaza viwimbi hivyo, jambo ambalo Franklin aliliona kwenye bwawa lake, na sehemu hiyo ya picha inatoka nyeusi. Inatoka nyeusi ikiwa na mikromita moja, na inatoka nyeusi ikiwa na hamsini. Upepo ukiwa haba mno, bahari yote huwa nyeusi. Ukizidi, utando huvurugwa na doa hupotea. Watafiti wa Urusi walifanya kazi yao vizuri: walitoa eneo, wakaonyesha picha. Kosa ni la sisi wasomaji tuliogeuza eneo kuwa ujazo.

Je, hii inamsafisha mwendeshaji? Hapana. Njoo uone kwa nini, na hapa ndipo inapobidi kujua kituo kinavyoendeshwa.

Boya kubwa la kupakilia linaweza kupitisha mita za ujazo 10,000 kwa saa. Gawanya kwa sekunde 3,600: karibu mita za ujazo 2.8 kila sekunde. Kwa kasi hiyo, mita za ujazo 12 ni sekunde 4 tu za mtiririko. Sasa jaribu kufunga kitu kwa sekunde 4! Valvu za dharura kwenye bomba kubwa hufungwa polepole kwa makusudi. Umewahi kufunga bomba la nyumba ya zamani kwa ghafla ukasikia mabomba yakigonga ukutani? Safu ya mafuta yenye uzito wa maelfu ya tani ikisimamishwa ghafla hufanya hivyo hivyo, ila kwa nguvu ya kupasua mipira. Kwa hiyo valvu hutumia nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Na kabla yake kuna muda wa mtu kuona, kupaza sauti kwenye redio, kueleweka, na kubonyeza kitufe.

Kuna na hili. Mpira wa inchi 20 wenye urefu wa mita 300 una mita za ujazo kama 60 tumboni, mara tano ya kiasi kilichotangazwa, hata pampu ikiwa imezimwa. Ndiyo maana katikati ya mipira huwekwa kiungo dhaifu cha makusudi: kikivutwa kupita kiasi au shinikizo likipanda ghafla, kinakatika pale kilipopangiwa na kufunga pande zote mbili. Kikifanya kazi, yanamwagika machache. Kisipofanya, au mahali palipopasuka pakiwa kwingine, hadithi ni nyingine.

Sisemi mafuta yote ya bomba yalikuwa yanatoka nje. Mpasuko mdogo hutoa sehemu tu ya mtiririko. Ninachosema ni kwamba ili mita za ujazo 12 ziaminike, tulipaswa kuambiwa: pampu zilikuwa zinasukuma kwa kasi gani saa ile, dakika ngapi zilipita kati ya kuvuja na kufunga, ni kipande gani kilishindwa, na kilipimwa lini mara ya mwisho. Hizo ndizo namba zinazozaa ujazo. Taarifa ilitupa matokeo ya hesabu bila hesabu. Mahakama za Urusi baadaye ziliikuta kesi kuwa nzito: mwendeshaji aliamriwa kulipa zaidi ya rubli bilioni 5 kwa uharibifu wa mazingira.

Utauliza, si kuna mita za kupimia mafuta? Watanzania wengi mnakumbuka mjadala mkali wa miaka ya 2010 kuhusu mita za kupimia mafuta yanayoingia Dar es Salaam. Tulizijadili kama jambo la kodi, na ni kweli ni la kodi. Pale Novorossiysk nako kuna mita nchi kavu, na meli ina vipimo vyake kwenye matangi. Kwa nini wasitoe moja kwenye nyingine?

Kwa sababu vipimo hivyo viwili havikubaliani hata siku ya amani. Tofauti ya asilimia 0.2 kati ya nchi kavu na meli ni jambo la kawaida katika biashara hii. Joto hubadilika, meli inayumba, mabaki hubaki matangini. Kwa shehena ya tani 100,000, asilimia 0.2 ni tani 200. Mita za ujazo 12 za mafuta mepesi hazifiki tani 10. Zinamezwa mara ishirini ndani ya tofauti ya kawaida! Mwendeshaji anaweza kuwa mkweli kabisa, akasoma mita zake zote, na bado asijue kama zimemwagika 12 au 100. Basi kusema "12" bila kusema "pengine zaidi" ni kujifanya unajua zaidi ya vyombo vyako. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, na ni kosa ambalo msimamizi wangu wa maabara angelirudisha na wino mwekundu.

Si Urusi peke yake. Tarehe 15 Januari 2022 kiwanda cha kusafisha mafuta cha La Pampilla, Peru, kilikuwa kinapokea mafuta kutoka meli Mare Doricum kwenye maboya yake ya baharini. (Huku mafuta yalikuwa yanashushwa, hayapakiwi, lakini mipira na kichwa cha bomba sakafuni ni ndugu wale wale.) Taarifa ya kwanza ilitaja pipa 0.16, kama lita 25, ndoo moja na kidogo. Baadaye hesabu ikapanda hadi 6,000, kisha ikapita mapipa 10,000. Wavuvi na wauza samaki wa pwani ile walikaa muda mrefu bila kazi kwa kitu kilichoanza kama ndoo.

Siku kumi baadaye, tarehe 25 Januari, mpira wa boya ulivuja kwenye pwani ya Rayong, Thailand. Huko mambo yalikwenda kinyume: namba za mwanzo zilitaja lita 400,000, kisha zikashuka hadi karibu lita 50,000. Nakumbusha hili kwa wale wanaodhani kanuni ni rahisi, kwamba namba ya kwanza daima ni ndogo. Haipo kanuni hiyo. Na kule Nigeria, Desemba 2011, mafuta yalipovuja kwenye njia ya kupakilia ya Bonga, kampuni yenyewe ilitaja mapema kiasi kikubwa, chini kidogo ya mapipa 40,000. Mengi yalikosolewa pale, lakini angalau namba haikuanza kama ndoo.

Kwetu huku boya la aina hii lipo Mjimwema, Kigamboni, nalo ni la kushushia. Ukivuka na pantoni na kwenda hadi ufukweni unaweza kuiona meli ikiwa imesimama mbali, peke yake, kama imesahaulika. Haijasahaulika, imefungwa pua, na pembeni yake huenda kuna tagi inayoivuta kinyumenyume taratibu isije ikaligonga boya upepo ukitulia. Mvuvi wa pale akiuliza siku moja "yamemwagika kiasi gani", eneo la doa litamsaidia kujua wapi asitupe nyavu. Ujazo ndio utakaoamua fidia. Ni majibu mawili kwa maswali mawili, na asikubali kupewa moja badala ya jingine.

Tanga ni habari nyingine tena. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima linafika Chongoleani, na kupakia kumepangwa kwenye gati refu linaloingia baharini, si kwenye boya. Kiungio kinachozunguka hakitakuwapo, wala mita mia kadhaa za mpira unaoelea. Lakini mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lote linapashwa joto, kama nyuzi 50 za Selsiasi, ili yatiririke. Yakikutana na maji ya bahari yaliyo baridi kuliko hapo, hayatatambaa kama ya Kazakhstan; yataelekea kuganda kuwa mabonge. Mabonge hayalazi viwimbi kama utando unavyofanya. Kwa hiyo picha ya rada inaweza kuonyesha doa dogo tu wakati mafuta ni mengi, kinyume kabisa cha Novorossiysk, na atakayekimbilia kugawanya kilomita za mraba atapata jibu la kufurahisha lisilo la kweli. Huko itabidi watu watembee ufukweni na kupima uzito wa kile wanachookota.